Kusubu Risasi kwa Ajili ya Savage 340

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni yale madini mazito ya kijivu yanayoyeyuka upesi kwenye moto, na risasi ni kile kinachoruka kutoka kwenye mtutu wa bunduki. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako ni jina la madini, na maana yake ya pili inakumbusha enzi ambayo mwenye bunduki aliyeyusha madini hayo uani kwake, akayamimina katika kalibu, akapata cha kutosha kwa mawindo ya wiki. Babu yangu mzaa baba, huko Sikonge mkoani Tabora, alikuwa mmoja wa watu hao. Sikuwahi kumwona akisubu, kwa kuwa alifariki nikiwa mdogo, lakini kalibu yake ya chuma yenye mipini miwili kama koleo niliikuta imening'inia ukutani, imeota kutu, na tundu lake moja la mviringo lilikuwa bado laini ndani. Leo ninaishi kaskazini mwa Michigan, nchini Marekani, na kila msimu wa kuchipua gereji yangu hunuka nta na mbao zilizoungua, kwa sababu na mimi nasubu.

Kwa kuwa neno moja litatuchanganya, katika makala haya nikisema risasi nitakuwa na maana ya madini, au ya kitu kizima kinachoingia kwenye bunduki, na kile kinachoruka nitakiita kichwa. Kichwa hukaa mdomoni mwa ganda la shaba ya manjano, ndani ya ganda kuna baruti, na kitakoni kuna fataki inayogongwa na pini. Vichwa vingi vya kiwandani huwa na moyo wa risasi uliovikwa koti la shaba. Cha kusubu hakina koti. Ni risasi tupu iliyochanganywa na madini mengine kidogo, imepakwa mafuta mazito kwenye mifuo ya ubavuni ili iteleze. Tofauti hiyo ya koti ndiyo chanzo cha taabu na raha yote nitakayoieleza.

Bunduki yangu ni Savage 340, ya bolti, yaani komeo la chuma linalovutwa kwa mkono kufungua na kufunga nyuma ya mtutu, na inatumia risasi za kipimo kiitwacho .30-30 Winchester. Bunduki za aina hiyo zilitengenezwa kuanzia mwaka 1950 hadi 1985 na kampuni iliyoanzishwa na Arthur Savage, mtu aliyezaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1857. Hazikukusudiwa kwa ajili ya matajiri. Maduka makubwa kama Montgomery Ward yaliziuza kwa jina lao wenyewe, Western Field, na wanunuzi walikuwa wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliotaka nyama ya msimu bila kumaliza mshahara. Unafuu wake unaonekana ukiishika: kikingio cha triga ni bati lililobonyezwa na mashine, mti wa kitako hauna nakshi yoyote, bolti ina jino moja tu la kufungia upande wa mbele wakati bunduki za bei kubwa huwa na mawili, na sehemu ya juu ilipopita bolti imeachwa wazi kiasi kwamba darubini haina budi kufungwa ubavuni. Yangu haina hata namba, kwani kabla ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968 viwanda vya Marekani havikulazimika kugonga namba kwenye kila bunduki ndefu. Niliinunua mkononi kwa dola 175, pamoja na magazini yake ya awali, jambo la bahati, maana magazini za bunduki hizi hupotea na kuzipata tena ni kazi.

Watu huidharau, na mimi naona wanaikosea. Risasi ya .30-30 ilitoka mwaka 1895, ikawa miongoni mwa za kwanza za kuwindia nchini Marekani kutumia baruti isiyotoa moshi, na umbo lake linakipenda kichwa cha kusubu kana kwamba lilichorwa kwa ajili yake. Shingo ya ganda lake ni ndefu, hivyo mifuo yenye mafuta hufunikwa yote na haikusanyi vumbi. Ganda lina ukingo kitakoni unaolishikilia kwenye mlango wa chemba, yaani sehemu ya mtutu ganda linamokaa, kwa hiyo hata likijazwa baruti kidogo hukaa mahali pake. Mikondo ya ndani ya mtutu wa 340 huzungusha kichwa mara moja katika kila inchi 12, mzunguko wa wastani usiokikwaruza kichwa laini kupita kiasi. Ukiongeza kwamba mtutu wa bunduki ya bolti huweza kusafishwa kutoka nyuma, kwa kuchomoa bolti tu na kuchungulia mwanga upande wa pili, utaona kwa nini nasema chombo hiki cha bei ya chini ni shule nzuri kwa anayejifunza.

Nilianza mwaka 2020, wakati risasi za kiwandani zilipoadimika Marekani nzima. Nilizunguka maduka manne bila kupata hata boksi moja la .30-30. Maganda matupu nilikuwa nayo, baruti na fataki kiasi nilikuwa nazo. Kilichokosekana ni vichwa. (Msomaji aliye Tanzania au Kenya atambue kwamba mambo haya hayafanyiki huko nyumbani bila kibali cha serikali, hapa nilipo, sheria inamruhusu mtu kujitengenezea za matumizi yake mwenyewe, na ndiyo sababu pekee ya mimi kuyaandika waziwazi.)

Madini niliyapata kwenye gereji za matairi. Vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye rimu wakati wa kubalansi gurudumu vilikuwa kwa miaka mingi risasi yenye antimoni takriban asilimia 4 na bati chini ya asilimia 1, mchanganyiko ambao wasubuji wa Marekani waliuzoea kama mpishi anavyozoea unga wa kampuni moja. Sasa vinapungua, kwa sababu majimbo kadhaa yamevipiga marufuku na vya siku hizi ni chuma au zinki. Kuvichambua ni kazi ya subira. Vya chuma huandikwa Fe, vya zinki Zn, na vingine havina maandishi yoyote. Hivyo navijaribu kwa kuvibana na koleo la kukatia waya, maana risasi huacha alama ya kina na zinki hugoma. Kipande kimoja cha zinki kikiyeyuka chunguni kinaweza kuharibu kilo nyingi, kwani madini hugeuka kama uji uliokatika na hayajazi tena kona za kalibu. Kinga ya pili ni joto: risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwenye nyuzi 419, na mtu anayetunza termometa yake chini ya nyuzi 400 ataiona zinki iliyopenya ikielea juu ngumu, akaiopoa kwa upawa.

Kalibu yangu ni ya alumini, ya kampuni ya Lee, yenye matundu mawili, na hutoa kichwa bapa mbele chenye uzito wa greni 170, yaani gramu 11. Siku ya kwanza nilidhani kwamba kusubu ni kumimina tu. Vichwa ishirini vya mwanzo vilitoka na makunyanzi kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, kwa kuwa kalibu ilikuwa baridi na madini yaliganda kabla ya kujaa. Nilipoipasha kupita kiasi vikatoka na ukungu mweupe kama unga wa ubuyu, ambao hauna madhara makubwa, ila huonyesha kwamba joto limezidi. Kati ya hali hizo mbili kuna mwendo fulani, na mtu huupata kwa masikio na mikono zaidi ya kuupata kwa kusoma: unamimina, unaona kidimbwi kidogo juu ya kibao cha kalibu kikimetameta kama kioo, unahesabu moja, mbili, tatu, kinafifia ghafla na kuwa kijivu, unahesabu nne nyingine, unagonga kibao kwa nyundo ya mbao, kinakata mkia wa madini, unafungua mipini, na vichwa viwili vinaanguka juu ya taulo vikiwa na kingo kali za kukata ukucha. Ukiupata mwendo huo usiuache. Aliyesimama kunywa chai akarudi hulazimika kuanza upya, na vichwa kumi vya kwanza baada ya mapumziko hurudi chunguni.

Jasho ni hatari ya kweli. Tone moja la maji likizama chini ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja na kuirusha risasi nje ya chungu. Mimi husubu nikiwa nimevaa miwani, glavu za ngozi, shati la mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu wote, mlango wa gereji ukiwa wazi hata kukiwa na baridi, na kila kipande kipya kinachoingia chunguni hukikausha kwanza kwenye ukingo.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Pamoja na bunduki nilikuwa nimenunua, kwa mtu mwingine, boksi la vifaa vilivyotumika, na ndani yake palikuwa na pete ya chuma ya kusawazishia vichwa. Kichwa kikitoka kwenye kalibu huwa kikubwa kidogo na si mviringo kamili, hivyo husukumwa kupita kwenye pete hiyo ili vyote vilingane, na hapo hapo kitakoni huvalishwa kikombe chembamba cha shaba kinacholinda risasi laini dhidi ya moto wa baruti. Pete ile ilikuwa ya inchi 0.308. Vichwa vya kiwandani vya .30-30 ni vya inchi 0.308 pia. Niliona mambo yamekaa sawa, nikasawazisha vichwa mia moja kwa furaha.

Uwanjani, kwenye yadi 50, risasi kumi zilitapakaa juu ya karatasi kwa upana wa inchi tisa. Matundu mawili hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu kama tundu la ufunguo, dalili kwamba kichwa kilifika kikiwa kinaruka ubavu. Jioni nilichomoa bolti nikachungulia. Mtutu uliokuwa uking'aa ulikuwa na mistari ya kijivu iliyoganda kando ya mikondo, mizito zaidi karibu na chemba, na kitambaa cha kusafishia kilitoka na magamba membamba ya rangi ya fedha. Ilinichukua jioni tatu kuyatoa, kwa nyuzi za shaba za kusugulia sufuria nilizozizungusha kwenye brashi kuukuu.

Nilifanya kile ambacho wengi hufanya: nikadhani kichwa kilikuwa laini mno. Nikatafuta risasi ngumu. Nilibahatika kupata vipande vya linotaipu, ile risasi iliyotumika kwenye mashine za kupanga herufi za magazeti, yenye antimoni asilimia 12 na bati asilimia 4. Ni madini mazuri ajabu kwa kusubu. Hujaza kila kona ya kalibu na vichwa hutoka vikiwa na mng'ao na mlio kama sarafu ukividondosha mezani. Nilivisawazisha kwenye pete ile ile, nikarudi uwanjani, na mtutu ukachafuka zaidi ya mara ya kwanza.

Aliyenitoa gizani ni jirani yangu, mzee wa miaka zaidi ya themanini ambaye amesubu tangu ujana wake. Hakuniuliza nimechanganya nini. Aliniuliza mtutu wangu una upana gani, na nilipomjibu kwamba ni wa 0.308 kama wote, akauliza kama nimeupima au nimeusoma. Nilikuwa nimeusoma.

Kuupima mtutu ni jambo la nusu saa. Nilichukua kile kizito cha kuzamishia ndoana ya samaki, chenye umbo la yai, cha risasi laini isiyochanganywa, kiwe kizibo cha kupimia. Nilipaka mtutu mafuta, nikachomoa bolti, nikakigonga kizibo polepole kwa nyundo ya mbao mpaka kikaingia mdomoni mwa mtutu, kisha nikakisukuma kwa ufito wa shaba hadi kikatokea nyuma. Mkono unajifunza mengi katika safari hiyo ya inchi zaidi ya ishirini: mahali panapobana, mahali panapolegea ghafla, mahali palipokwaruzika na kutu ya zamani. Mtutu wangu ulibana kwa usawa mwanzo hadi mwisho, na nilifurahi sana, kwa sababu bunduki ya bei ndogo haidaiwi usawa huo. Kizibo kilipotoka kilikuwa kimechorwa mikondo yote. Nikakipima kwa maikromita, si kwa kalipa, kutoka kwenye mgongo mmoja hadi mgongo wa upande wa pili, mara sita. Kilisoma inchi 0.3085. Mwanzo wa mtutu, pale kichwa kinapotoka kwenye ganda na kuanza kushika mikondo, ulikuwa na upana wa 0.310.

Tofauti kati ya kichwa changu na mtutu wangu ilikuwa nusu ya sehemu moja ya elfu ya inchi. Unywele wa kichwani una unene wa kama sehemu tatu za elfu. Ugawe mara sita, hapo ndipo penye mlango. Kupitia mlango huo gesi ya baruti ilipita ubavuni mwa kichwa kabla hakijaziba, ikakata risasi kama mwali wa kuchomelea, ikaifutilia mbali mafuta yake na kuipaka kwenye chuma. Kichwa cha koti la shaba hakijali sana, kwa kuwa shaba haiyeyuki kwa urahisi huo. Kichwa kitupu lazima kijae mtutu tangu hatua ya kwanza, kizidi upana wa mikondo kwa sehemu moja au mbili za elfu, na kizibe kama kizibo cha chupa. Ndipo nilipoelewa pia kwa nini linotaipu ilinizidishia balaa. Risasi laini, ikisukumwa kwa nguvu, hutanuka kidogo na kujiziba yenyewe. Ile ngumu, kwa kiasi kidogo cha baruti nilichotumia, ilikataa kutanuka. Niliinunulia bunduki yangu dawa ya ugonjwa ambao haikuwa nao. Nikakumbuka kwamba gobore la babu lilishindiliwa na kitambaa au makumbi pamoja na risasi ya mviringo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni cha kuzuia risasi isianguke tu.

Nilinunua pete ya 0.310. Nikarudi kwenye risasi ya magurudumu, nikaongeza bati kidogo, kama asilimia 2, ili ijaze kalibu vizuri. Uwanjani hali ikawa nzuri, lakini haikuwa nzuri kama nilivyotarajia, na magamba membamba bado yalionekana karibu na chemba. Hapa ndipo nilipojifunza sehemu ya pili ya somo, ambayo sikuambiwa na mtu. Nilichukua risasi iliyokwisha kukamilika, nikakichomoa kichwa chake kwenye ganda, nikakipima. Kilikuwa kimeingia kikiwa 0.310, kilitoka kikiwa 0.3085. Shingo ya ganda, iliyobanwa na kifaa kilichoundwa kwa ajili ya vichwa vya koti gumu, ilikuwa imekikamua kichwa changu laini na kukirudisha karibu na kipimo kile cha msiba. Dawa yake ni kifaa kingine chenye ngazi mbili kinachopanua shingo zaidi kidogo na kuufungua mdomo wa ganda kama ua linaloanza kuchanua, ili kichwa kikae bila kukwanguliwa. Tangu hapo, katika kila kundi ninalotengeneza, nachomoa kichwa kimoja na kukipima. Ni dakika mbili, na naamini ndizo dakika zenye faida kuliko zote katika kazi hii.

Mafuta nayo yana habari yake. Mchanganyiko uliosambazwa zamani na NRA, chama cha wenye bunduki cha Marekani, ni nusu nta ya nyuki na nusu Alox, aina ya grisi ya kiwandani, na mpaka leo watu huutumia. Nilikuwa nikinunua nta dukani, vipande vidogo vya bei kubwa, hadi siku niliyompigia baba simu nikamweleza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nta ya dukani unanunua ya nini, nawe umelelewa katikati ya mizinga?"

Tabora inajulikana kwa asali na nta tangu zamani, na baba amerina maisha yake yote. Nikamwambia kwamba karibu yangu yupo mfugaji ambaye hutupa masega machafu. Basi akanikumbusha jinsi ya kuyasafisha, taratibu, kana kwamba nimesimama naye kando ya moto: nta isiwekwe kwenye moto mtupu, ichemshwe pamoja na maji, ikamuliwe kwa gunia, iachwe ilale usiku kucha bila kutikiswa, na asubuhi litolewe pande zima na kukwanguliwa uchafu uliojikusanya chini. Nilifanya hivyo. Sasa kijungu cha mafuta ya vichwa vyangu hunuka kama nyumba ya baba, na nikikipasha gereji nzima inabadilika.

Katika kujaza baruti nitasema jambo moja tu, kwa kuwa vipimo ni vya kusomwa kwenye vitabu vya watengenezaji na si kwa mtu kama mimi. Kichwa cha kusubu huenda polepole, changu kama mita 490 kwa sekunde, wakati cha kiwandani cha uzito huo hufika kama 670, hivyo baruti ni kidogo na ganda hubaki na nafasi kubwa tupu. Nafasi hiyo inaweza kupokea kipimo cha pili bila kufurika, na bunduki yenye jino moja la kufungia si ya kujaribiwa kwa vipimo viwili. Kila ganda langu husimama kwenye kibao chenye matundu, na kabla ya kichwa chochote kuwekwa nayamulika yote kwa tochi, moja moja, nikilinganisha kina cha baruti. Simu huwa imezimwa.

Baada ya marekebisho hayo bunduki ilibadilika. Nilisugua mtutu mpaka usibaki na chembe ya shaba ya risasi za zamani, kwani risasi tupu hushika juu ya shaba hiyo, kisha nikapiga risasi tano kwenye yadi 50. Nilipoufikia ubao niliona kitu kama tundu moja lililochanika, upana wake inchi moja na robo. Kwenye yadi 100 hukaa ndani ya inchi mbili na nusu, triga yake nzito ikiruhusu. Bunduki ambayo wengi wangeiacha ukutani ilikuwa inanipa usahihi unaotosha mnyama yeyote ninayewinda huku, na kilichokuwa kimepungua tangu mwanzo kilikuwa sehemu mbili za elfu ya inchi.

Siwezi kuandika juu ya risasi bila kutaja sumu yake. Watu huogopa moshi wa chungu, lakini risasi huchemka kwenye nyuzi 1749, na kwenye nyuzi 400 mvuke wake ni mdogo mno. Hatari kubwa ni vumbi la kijivu linalobaki baada ya kukwangua uchafu wa juu, na vidole vinavyotoka hapo kwenda mdomoni. Kwa watoto hakuna kiwango kinachofahamika kuwa salama. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwaka 2021 ilishusha kiwango cha kuchukuliwa hatua kwa watoto wadogo hadi mikrogramu 3.5 katika kila desilita ya damu. Kwa hiyo wanangu hawaingii gerejini siku ya kusubu na siku ya kupiga deki, nguo zangu hufuliwa peke yake, sili wala sinywi humo, na damu yangu hupimwa kila mwaka. Vivyo hivyo kwa mawindo: California imekataza risasi za madini haya kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, hasa kwa ajili ya tai wakubwa waitwao kondori wanaokula mizoga, na naona sababu yao ni ya haki. Kichwa cha kusubu kiendacho polepole hakisambaratiki kama vile vya kasi kubwa, hata hivyo nakata nyama mbali na njia kilipopita, na matumbo nayafukia.

Msimu wa kulungu wenye mkia mweupe hapa Michigan hufunguliwa Novemba 15, tarehe ambayo katika vijiji vya kaskazini ni kama sikukuu. Kwa mawindo huchanganya nusu risasi ya magurudumu na nusu risasi laini, ili uso ule bapa ujitandaze kidogo unapogusa, na nimejiwekea mpaka wa yadi 75. Mwaka jana nilikaa chini ya msonobari tangu gizani, theluji nyembamba ikianguka, magazini ikiwa na risasi tatu nilizozimulika kwa tochi mezani kwangu mwezi Aprili. Kabla ya saa tatu asubuhi dume moja dogo lilitoka kwenye matete likasimama ubavu, kama hatua 60. Nilisukuma kitufe cha usalama kwa kidole gumba, nikavuta triga ile nzito bila haraka. Alikimbia hatua chache akalala. Kichwa kilikuwa kimeingia nyuma ya bega na kutokea upande wa pili, na sikukipata.

Jioni, nyama ikiwa imetundikwa, nilichomoa bolti na kupitisha kitambaa cheupe mtutuni. Tangu niusafishe mwezi Agosti nilikuwa nimepiga risasi sitini na mbili. Nilikikunjua kitambaa chini ya taa, nikakigeuza pande zote mbili. Kilikuwa na weusi wa baruti na harufu kidogo ya nta. Hapakuwa na gamba hata moja la rangi ya fedha.